Lita 25 za Phiri: kesi ya Mazibuko dhidi ya Jiji la Johannesburg

Tarehe 8 Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa kuhusu haki ya maji. Wakazi watano wa Phiri, mtaa mmoja wa Soweto, walikuwa wamelishtaki Jiji la Johannesburg, kampuni ya maji ya jiji hilo na waziri mwenye dhamana ya maji. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mkubwa. Mahakama ya Juu ya Rufani ikaupunguza ushindi huo, lakini wakabaki washindi. Siku hiyo ya Oktoba wakapoteza vyote, na hakuna jaji hata mmoja aliyetofautiana na wenzake.

Tangu hapo wanasheria wameibishania hukumu hii, na ubishi wenyewe karibu kila mara ni wa namba: je, mahakama inaweza kutaja mtu anastahili lita ngapi kwa siku? Kila ninapoirudia hukumu ya Mazibuko naona swali hilo limelimeza jingine, ambalo lilikuwa zito zaidi kwa wakazi na rahisi zaidi kwa mahakama kulijibu: je, jiji linaweza kumfungia maji mtu asiye na uwezo wa kulipa bila kumsikiliza kwanza? Kwetu Afrika Mashariki, ambako malipo ya kabla yalishazoeleka kwenye umeme na sasa yanaingia kwenye maji, hilo la pili ndilo la kuangaliwa kwa makini.

Soweto kabla ya mita

Wakati wa ubaguzi wa rangi, nyumba za Soweto hazikulipia maji kwa kusoma mita. Kila kaya ilihesabiwa kuwa imetumia uniti 20 kwa mwezi, yaani lita 20,000, na bili ikaandikwa hivyo hivyo hata kama imetumia chini au juu ya hapo. Jiji lilipokuja kupima, liligundua kwamba kila kiwanja kilikuwa kikipokea wastani wa uniti 67 kwa mwezi. Sehemu kubwa ya maji hayo haikunywewa wala kuogwa na mtu. Mabomba yaliyotandazwa na utawala uliowaona watu weusi kuwa ni wapangaji wa muda mjini yalikuwa yamechakaa, vyoo vilivuja usiku na mchana, na maji yalipotelea ardhini.

Kampuni ya maji ya jiji hununua maji yake kwa jumla kutoka Rand Water, shirika la umma linalosambaza maji kwa miji ya eneo hilo. Kati ya robo na theluthi ya maji yote iliyonunua yalikwenda Soweto, lakini mapato yaliyorudi kutoka huko yalikuwa asilimia 1 tu ya mapato yake. Ongeza historia ya siasa: miaka ya 1980 wakazi wa vitongoji vya weusi waligoma kulipa kodi za nyumba na huduma, wakiutumia mgomo huo kama silaha dhidi ya serikali ya makaburu. Baada ya uchaguzi wa 1994 sababu ya kugoma iliondoka, lakini ajira hazikuja kwa kasi iliyotarajiwa, na wengi wakaendelea kutolipa kwa sababu rahisi kwamba hawakuwa na hela.

Nayasema haya mapema kwa sababu watetezi wa wakazi wakati mwingine huyapita haraka. Jiji lilikuwa na tatizo la kweli. Maji yanayovuja Soweto ni maji yasiyofika kwa mtu mwingine, na Johannesburg ilikuwa na kaya zaidi ya 100,000 ambazo hazikuwa na huduma ya maji hata ya kiwango cha chini kabisa. Jiji lililokaa kimya mbele ya hali hiyo lingestahili kushtakiwa kwa sababu nyingine.

Na serikali ya kitaifa haikuwa imelala. Mwaka 2001 ilitangaza sera ya maji ya msingi ya bure: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, au uniti 6 kwa kila kaya kwa mwezi. Hesabu yake ni ya kaya ya watu wanane kwa siku thelathini. Nchi chache duniani zilikuwa zimefika hapo. Sera hiyo ilikuja baada ya kipindupindu kilichoanza KwaZulu-Natal mwaka 2000, ambacho kiliwapata watu zaidi ya 100,000. Katika baadhi ya maeneo yaliyopigwa mapema, watu walikuwa wamewekewa bomba za kulipia kabla, na walioshindwa kununua maji walirudi kuteka mtoni. Kwa hiyo Johannesburg ilipochagua mita za malipo ya kabla kwa ajili ya Soweto, haikuweza kusema kwamba hatari yake haijulikani.

Operesheni yenyewe

Mpango uliitwa Operation Gcin'amanzi. Neno hilo la Kizulu ni wito wa kuyatunza maji. Ulikuwa na sehemu ambayo hakuna anayeweza kuilaumu: kufukua mabomba ya zamani na kutandaza mapya, na kutengeneza mabomba na vyoo vinavyovuja ndani ya viwanja. Wakati huo uendeshaji wa kampuni ya maji ya jiji ulikuwa umekabidhiwa kwa mkataba, kuanzia 2001 hadi 2006, kwa muungano wa makampuni ulioongozwa na Suez ya Ufaransa. Ndiyo maana Soweto waliuona mpango mzima kama ubinafsishaji, ingawa mali ilibaki ya jiji.

Phiri ilichaguliwa kuwa ya kwanza. Mkazi alipewa njia mbili. Ya kwanza ni mita ya malipo ya kabla: uniti 6 za mwanzo wa mwezi ni bure, zikiisha mita inafunga, na maji yanarudi ukinunua au mwezi mpya ukiingia. Ya pili ni bomba moja la uani linaloachia maji kwa kasi iliyobanwa. Aliyezikataa zote mbili alikatiwa. Njia ya tatu, ile ya mita ya kawaida inayosomwa mwisho wa mwezi na kuletewa bili, ilikuwepo Johannesburg, tena kwa wingi, lakini haikutolewa Phiri. Ilikuwa kwenye vitongoji vya matajiri vilivyokuwa vya wazungu.

Watu wa Phiri walipinga. Mwaka 2003 wengine waliwazuia mafundi kuchimba, kampuni ikaenda mahakamani ikapata amri ya zuio dhidi yao, na kukawa na kamatakamata. Mdai wa kwanza, ambaye jina lake la ukoo ndilo lililobaki kuwa jina la kesi, alikatiwa maji Machi 2004. Aliishi bila bomba hadi Oktoba mwaka huo, kisha akakubali mita. Miezi saba ya kubeba maji kichwani na watoto nyumbani si muda ambao mtu anaweza kusema kwamba alikubali kwa hiari.

Nyuma yao walikuwepo wanaharakati wa mtaani, wengi kutoka muungano wa kupinga ubinafsishaji uliojulikana kama Anti-Privatisation Forum, na mawakili wa kituo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kesi ilifunguliwa Julai 2006. Haikuwa rahisi kwa wanaharakati kukubali kwenda mahakamani. Wapo walioona kuwa mapambano ya mtaani yangehamishiwa kwenye makaratasi na kufia humo. Lakini amri ya zuio na kesi za jinai zilikuwa tayari zimewachosha watu, na mahakama ndiyo iliyokuwa imebaki.

Hesabu ya kiwanja kimoja

Hapa ndipo ilipo nguvu ya ushahidi wa Phiri, na yeyote anayefikiria kuishtaki halmashauri kwa jambo kama hili anapaswa kupatazama vizuri.

Jiji lilisema: wastani wa kaya Johannesburg ni watu 3.2. Uniti 6 ukizigawa kwa watu hao na kwa siku thelathini, kila mmoja anapata zaidi ya lita 60 kwa siku. Kwa hesabu hiyo hakuna wa kulalamika.

Wadai wakajibu kwa kueleza jinsi watu wanavyoishi. Uniti 6 hazikutolewa kwa kaya. Zilitolewa kwa mita, na mita ni moja kwa kiwanja. Kiwanja cha Phiri kina nyumba kuu ndogo ya enzi za ubaguzi, na nyuma yake vibanda vya uani walimo wapangaji au watoto waliokwisha kuoa na wajukuu. Watu 16 katika kiwanja kimoja si jambo la ajabu. Hao wanapata lita 12 na nusu kila mmoja. Wakiwa 20, ni lita 10. Na choo cha Phiri ni cha kuvuta maji, si cha shimo, na hakuna aliyewauliza wakazi kama wanataka choo cha namna hiyo. Mtu akivuta mara moja tu kwa siku, fungu lake limekwisha au limebaki la kupikia chai. Ushahidi wa wadai ulionyesha viwanja ambako maji ya bure yaliisha katikati ya mwezi, na siku zilizobaki zikawa za kuazima, kununua kidogokidogo, au kuacha kufua.

Maskini wa mijini hukaa wengi kwenye kiwanja kimoja, kwa hiyo fungu linalotolewa kwa kiwanja humpunja yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Familia ya watu wanne yenye bustani na bwawa la kuogelea nayo ilipata uniti 6 za bure, kwa sababu fungu lilikuwa la wote. Kila mtu wa familia hiyo alipata maji ya bure mara tano ya mtu wa kiwanja cha watu 20.

Kulikuwa pia na hati ya kiapo kuhusu moto. Mwaka 2005 kibanda cha uani kilishika moto Phiri, watu wakakimbilia bomba, na maji ya mita yakawa yameisha. Watoto wawili walikufa. Siwezi kuisoma sehemu hiyo haraka. Baadaye jiji liliongeza fungu la dharura, uniti 4 kwa mwaka, juu ya zile za kila mwezi.

Kutoka lita 50 hadi hakuna lita

Mahakama Kuu ilitoa uamuzi tarehe 30 Aprili 2008. Jaji Moroa Tsoka alisema mita za malipo ya kabla katika Phiri hazikuwa halali na zilikiuka katiba, akaliamuru jiji kutoa lita 50 kwa kila mtu kwa siku na kuwapa wakazi chaguo la mita ya kawaida. Hukumu yake ina hasira, na naiheshimu hasira hiyo. Jiji lilikuwa limejitetea kwamba watu wa Phiri wasingemudu maji ya kulipia baadaye, kwa hiyo mita inayojifunga ni kwa faida yao. Jaji aliiona hoja hiyo kuwa ni kuwafanya watu wazima watoto, na akasema waziwazi kwamba fikra za namna hiyo ndizo zilizoulisha ubaguzi wa rangi. Akauliza pia kwa nini mkazi wa kitongoji tajiri anayedaiwa hupelekewa notisi, hupewa muda, huruhusiwa kwenda kujieleza, lakini wa Phiri anafungiwa na kifaa. Aliongeza kwamba mzigo wa maji yanapokosekana huwaangukia wanawake.

Jiji likakata rufaa. Tarehe 25 Machi 2009 Mahakama ya Juu ya Rufani ilishusha kiasi hadi lita 42, ikikihesabu kama kinachotosha kwa maisha ya heshima kwa mkazi wa Phiri mwenye choo cha kuvuta. Ilikubali kuwa mita hizo hazikuwa halali kwa sababu hazikuwa zimeruhusiwa na sheria ndogo za jiji, lakini ikalipatia jiji miaka miwili ya kurekebisha sheria hizo. Tafsiri yake kwa mkazi ni kwamba mita inabaki ukutani wakati halmashauri inaandika karatasi.

Wakazi wakaenda Mahakama ya Katiba wakitaka lita zao 50 na mita ziondolewe. Jiji nalo likataka yote yafutwe. Shauri lilisikilizwa mwanzoni mwa Septemba 2009 na hukumu ikaandikwa na Jaji Kate O'Regan, siku chache kabla ya muhula wake wa miaka 15 kwenye mahakama hiyo kumalizika.

Kuhusu lita, O'Regan alishika njia ambayo mahakama hiyo ilikuwa imeijenga tangu kesi ya Grootboom ya mwaka 2000 juu ya makazi na ile ya dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ya mwaka 2002. Kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kupata maji ya kutosha, lakini fungu la pili la kifungu hicho hicho linaitaka serikali kuchukua hatua za busara, kwa rasilimali zilizopo, ili haki hiyo itimie hatua kwa hatua. Yakisomwa pamoja, alisema, mtu hawezi kuja mahakamani kudai kiasi fulani papo hapo. Kazi ya mahakama ni kuuliza kama sera ni ya busara. Kutaja kiasi ni kazi ya serikali iliyochaguliwa, yenye takwimu na bajeti, na kiasi hicho kinaweza kubadilika. Uniti 6, akahitimisha, si kiwango kisicho cha busara.

Kuna wanaoiona sehemu hii kuwa usaliti. Mimi siendi mbali hivyo. Jaji akiandika lita 50 leo, jiji litamwuliza kesho inahesabiwaje kwa kiwanja ambacho wapangaji wake hubadilika kila mwezi, na hana jibu. Ninachokilaumu ni kwamba mahakama iliichukua hoja hiyo ya ugumu wa kuhesabu watu ikaigeuza kuwa sababu ya kukubali wastani wa jiji zima, wakati ushahidi wa viwanja vya Phiri ulikuwa mezani ukionyesha kwamba wastani huo haumgusi mtu yeyote wa pale. Mahakama ingeweza kusema sera inayogawa kwa mita bila kujali walioko nyuma ya mita si ya busara, ikairudisha kwa jiji bila kutaja lita hata moja. Katika Grootboom ilifanya kitu cha namna hiyo: ilikuta mpango wa makazi uliowasahau wenye shida kubwa zaidi, ikasema huo haukidhi katiba.

Mita haisikilizi

Sasa nije kwenye lile swali la pili.

Sheria ya Huduma za Maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1997, kifungu cha 4(3), inasema kwamba taratibu za kupunguza au kusitisha huduma ya maji lazima ziwe za haki. Ziwe na notisi ya kutosha na nafasi ya mtu kujieleza. Na zisimnyime mtu maji ya msingi kwa kutolipa ikiwa ameithibitishia mamlaka kwamba hana uwezo wa kulipa. Kifungu hicho kiliandikwa na watu waliojua maskini anavyokatiwa huduma. Kinaweka mtu katikati: ofisa wa kupokea maelezo, kuangalia hali ya nyumba, na kusema huyu tusimfungie.

Mita ya malipo ya kabla inamtoa mtu huyo. Salio likiisha, valvu inafunga, awe ni mfanyabiashara aliyesahau kununua au bibi anayelea wajukuu sita kwa pensheni. Hakuna wa kumweleza.

Mahakama ya Katiba ililivuka hili kwa hatua moja. Ilisema salio linapoisha, huduma haijasitishwa. Imesimama kwa muda, na inarudi mteja akinunua au mwezi mpya ukianza. Kwa kuwa si kusitishwa, kifungu cha 4(3) hakihusiki, na notisi haidaiwi. Ikaongeza kwamba kumpa mteja notisi na nafasi ya kujieleza kila mwezi kabla salio halijaisha kungelibebesha jiji mzigo usiobebeka, na kwamba mteja mwenyewe anaweza kuona kiasi kilichobaki.

Nadhani hapa mahakama ilikosea, na si kwa jambo la kubishaniwa na wanafalsafa. Mtu mwenye mita ya kawaida aliyekatiwa kwa deni naye hurudishiwa maji akilipa. Kukatiwa kwake nako ni kwa muda. Hakuna anayesema hakukatiwa. Kitu pekee kinachomtofautisha na mtu wa Phiri ni kwamba wa Phiri alifungiwa kabla hata hajadaiwa senti. Iweje basi mwenye deni alindwe na sheria, na asiye na deni asilindwe?

Hoja ya mzigo nayo haisimami sana. Hakuna aliyedai kikao cha kila mwezi kwa kila mteja. Ingetosha jiji lilazimike, kabla ya kufunga mita kwenye nyumba, kujua nani anaishi humo na kama ana kipato. Kuweka mahali pa kupeleka ombi salio linapoisha. Na kuacha maji machache yaendelee kutoka wakati ombi linashughulikiwa. Vifaa vya kuruhusu maji yatiririke kidogokidogo badala ya kufunga kabisa vilikuwepo na vinajulikana. Uingereza ilishalipitia jambo hili: mwaka 1998 Mahakama Kuu ya huko, katika shauri lililofunguliwa na halmashauri kadhaa, iliamua kuwa vifaa vya kulipia maji kabla vilivyojifunga vilikuwa ni kukata huduma kinyume cha utaratibu wa sheria. Mwaka uliofuata bunge likapiga marufuku. Sheria zao ni tofauti, hilo ni kweli, lakini kifaa ni kile kile na swali ni lile lile.

Kuhusu ubaguzi, mahakama ilisema mita za kabla hazikuwa adhabu: bei yake kwa uniti ilikuwa nafuu zaidi, mteja hatozwi riba ya deni, wala jina lake halipelekwi kwa wakusanya taarifa za wadaiwa sugu. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba hakuna kitongoji tajiri kilichoomba kupewa faida hizo.

Walichokipata walioshindwa

Amri ya mwisho haikuwapa wakazi chochote, isipokuwa kwamba hawakubebeshwa gharama za kesi. Hukumu yenyewe, hata hivyo, ina sehemu ndefu ambayo mtu akisoma muhtasari tu hataiona. O'Regan anaeleza jinsi sera ya jiji ilivyobadilika kati ya kufunguliwa kwa kesi na kutolewa kwa hukumu. Kaya zilizojiandikisha kuwa za wasio na uwezo zikaongezewa uniti 4, zikawa 10 kwa mwezi. Fungu la dharura likaja. Kisha mpango mpya wa misaada ukaanza kumhesabu mtu badala ya mita, na kuwapa walio maskini zaidi hadi lita 50 kwa siku. Hicho ndicho kiasi alichokitaja Jaji Tsoka, ambacho jiji lilikuwa likikipinga mahakamani.

Jaji aliyatumia mabadiliko hayo kuthibitisha kwamba jiji lina busara, kwa kuwa linajirekebisha. Aliandika pia kwamba kesi za namna hii zina kazi yake: zinailazimisha serikali kueleza kwa nini imechagua ilichochagua, na ikishindwa kueleza hubadilika. Nalikubali hilo, nikiwa na uchungu. Jiji lilisukumwa na kesi, kisha mwendo wake ukatumika kuishinda kesi hiyo hiyo.

Na kulikuwa na tundu kubwa kwenye msaada huo wa wasio na uwezo. Kujiandikisha kulidai karatasi, foleni, na kukubali mbele ya ofisi kwamba wewe ni maskini. Waliojiandikisha walikuwa kama sehemu moja ya tano tu ya waliostahili. Mahakama ililiona hili, ikaamini kwamba jiji litaliboresha.

Mita zikija kwetu

Kenya iliandika katiba yake mwaka mmoja baada ya hukumu hii. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kiasi cha kutosha. Ibara ya 20(5) imebeba mafunzo ya Afrika Kusini kwa pande zote mbili: serikali ikisema haina rasilimali, ni juu yake kuthibitisha, lakini mahakama isiingilie mgawanyo wa rasilimali kwa sababu tu ingeamua vingine. Kwa hiyo mtu wa Mathare au Kibera akienda mahakamani kudai lita kadhaa, wakili wa upande wa pili ataifungua hukumu ya O'Regan kabla ya chai ya saa nne. Nairobi tayari imekuwa na vibanda vya maji vya kadi katika mitaa ya mabanda tangu 2015, ambako unaweka hela kwenye kadi na kuteka kwa dumu. Huko maji ya kadi mara nyingi ni nafuu kuliko ya wauzaji wa mikokoteni, na mtu wa haki hapaswi kulificha hilo.

Tanzania hali ni tofauti. Katiba ya 1977 haina ibara ya haki ya maji ambayo mtu anaweza kuipeleka mahakamani kama ilivyo Kenya. Mamlaka za maji zimeanza kufunga mita za malipo ya kabla, na kwa mteja aliyechoshwa na bili za kubambikiwa hiyo ni habari njema kabisa. Lakini nyumba ya kupanga ya Manzese au Mbagala, Dar es Salaam, yenye vyumba sita na mita moja, ni kiwanja cha Phiri. Nani ananunua? Aliyenunua akisafiri, wenzake wanakunywa nini? Mwenye nyumba akiamua kuishika yeye mita, mpangaji aliyelipa kodi yake na kugombana naye kwa jambo jingine anaweza kukosa maji bila karatasi yoyote kuandikwa. Haya ni maswali ya kanuni za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na za mamlaka husika, na yanaweza kuulizwa sasa, bila kusubiri mtu akatiwe.

Kama kesi itafunguliwa, Nairobi au kwingineko, ningetamani isianze na lita. Ianze na hati za viapo za viwanja: watu wangapi kwa mita moja, maji yanaisha tarehe gani, nani anateka na wapi yakiisha. Iombe mahakama itamke kwamba valvu inayojifunga kwa mtu asiye na uwezo ni kukata huduma, na kwamba kabla ya kukata kuna notisi na kuna kusikilizwa. Kwa hilo jaji hahitaji mtaalamu wa maji wala bajeti ya jiji. Notisi na haki ya kusikilizwa ni mambo ambayo mahakama zetu zimekuwa zikiyaamua tangu zilipoanza kazi.